Lulu za maji baridi: Kwa nini bei zake hutofautiana?

Sehemu kubwa ya lulu zinazouzwa duniani leo haitoki baharini, bali katika mabwawa ya maji baridi nchini China, hasa eneo la Zhuji, mkoani Zhejiang. Wingi huo umeshusha bei na kuwatia shaka wanunuzi: je, lulu ya bei nafuu ni lulu ya kweli?

Jibu ni ndiyo. Mfugaji hufungua kidogo gamba la kome, hupandikiza vipande vya nyama laini ya kome mwingine, kisha humrejesha majini. Kwa miaka 2 hadi 6, kila kipande huzungukwa na tabaka za madini yaleyale yang'aayo ndani ya gamba. Kome mmoja huweza kutoa lulu zaidi ya 30 kwa mkupuo. Chaza wa baharini wa Japani kwa kawaida hutoa moja au mbili, tena hutiwa punje ya ushanga, hivyo tabaka ya lulu juu yake huwa nyembamba. Lulu ya maji baridi, kwa kawaida, ni lulu tupu hadi kiini.

Kinachopandisha thamani

Kwanza ni mng'ao. Lulu bora huakisi taa kwa ukali. Iliyo hafifu hufifia kama chaki. Pili ni umbo. Kwa kuwa hazina punje ndani, nyingi hutoka na umbo la yai, kifungo au punje ya mchele. Za mviringo kamili ni chache, na bei yake huwa juu. Hufuata ukubwa, usafi wa uso na rangi. Nyeupe, waridi na zambarau hafifu huweza kuwa za asili. Nyeusi kwa kawaida imetiwa rangi.

Lulu ikisuguliwa taratibu kwenye jino hukwaruza kidogo, ilhali ya plastiki huteleza. Hata hivyo, jaribio hilo halitofautishi lulu ya asili na ya kufugwa. Kazi hiyo huhitaji eksirei ya maabara.

Jina lisilotosha

Ziwa Biwa la Japani lilisifika kwa lulu hizi katika karne ya 20, hadi uchafuzi wa maji ulipodhoofisha kome wake. Baadhi ya wauzaji bado huliita Biwa pambo lililotoka China. Mnunuzi anayelipia jina hilo hulipa zaidi bila kupata mng'ao zaidi.