Mgeni katika mji aliozaliwa

Hivi karibuni nilipigiwa simu usiku na kijana niliyemsomesha Juzuu Amma miaka mingi iliyopita mjini Tanga. Sasa anaishi Marekani na amekwisha kula kiapo cha uraia wa huko. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akasema: "Maalim, mama amelazwa, nami nasafiri Jumamosi. Ninayo pasipoti ya Marekani, na ile ya Tanzania bado haijaisha muda wake. Nikiingia kwa hii mpya natakiwa viza na dola 100. Kuna ubaya gani nikiingia kwa ile ya zamani? Kwani si kwetu?"

Nilimwomba anipe muda hadi asubuhi, kwa sababu swali lake lina upande wa sheria na upande wa dini, na najua kuwa nyumba nyingi za Waislamu zinalo swali hilo hilo, ila halisemwi kwa sauti.

Tuanze na sheria. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania aliyetimiza miaka 18 akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine kwa njia ya tajnisi, uraia wake wa Tanzania hukoma, hata kama hakuna ofisa aliyemwandikia barua na hata kama pasipoti yake ya zamani ingali kabatini. Kuanzia hapo huingia nchini kama wageni wengine. Mwenye pasipoti ya Uingereza hulipa dola 50 kwa viza ya kawaida, ya kuingia mara moja na kukaa hadi siku 90. Mwenye pasipoti ya Marekani hutakiwa kuchukua viza ya kuingia mara nyingi katika mwaka mmoja, nayo ndiyo hiyo ya dola 100, lakini kila ajapo haruhusiwi kuzidisha miezi mitatu. Huweza kuiomba kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Viza ya matembezi ni ya kuwaona wazazi na kutembea. Si ya kuajiriwa wala kufungua duka.

Majirani zetu wa Kenya walilibadili jambo hili katika Katiba yao ya mwaka 2010: Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arejeshewe. Sisi hatujafika huko.

Ajabu ya mambo ni kwamba kijana huyu akitaka kwenda Umra, njia yake ni nyepesi kuliko ya ndugu yake aliyebaki Tanga. Tangu Septemba 2019 Saudi Arabia hutoa viza ya utalii kwa mtandao kwa raia wa nchi ilizozitaja, Marekani na Uingereza zikiwemo, na mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya Umra nje ya msimu wa Hija. (Hija ina viza yake, na asidanganywe mtu na wakala.) Ofisa wa mpakani haulizi kitovu chako kimezikwa wapi, hutazama pasipoti uliyoishika.

Sasa tuje kwenye dini. Mwaka wa 6 Hijria Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na sahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia. Fikiri, ndugu msomaji: mtu anazuiwa kuingia mji aliozaliwa na waliozikwa babu zake. Ukaandikwa mkataba wa Hudaybiya kwamba warudi mwaka ule na waje mwaka unaofuata, wakae siku tatu tu, na panga zao ziwe alani. Mwaka wa 7 akaingia Makka kwa masharti hayo. Siku tatu zilipotimia Makureshi walimkumbusha muda wake. Alikuwa amefunga ndoa na Bi Maymuna (r.a.) na alipenda kufanya karamu ya harusi pale pale Makka, awalishe hata hao waliomtaka aondoke. Walipokataa hakubishana. Alitoka, na karamu ikafanyika Sarif, nje ya mji.

Mafakihi walijenga juu ya msingi huo mlango mzima wa fikihi uitwao amani: aingiaye nchi kwa idhini ya wenyewe amefunga nao ahadi, na kuivunja ni hiana. Wanazuoni wengi wa zama zetu wanaihesabu viza kuwa ni idhini ya aina hiyo.

Basi asubuhi nilimjibu: "Mwanangu, ukimpa ofisa pasipoti ya zamani unamwambia kwa mkono wako kwamba wewe ni raia, na wewe unajua kuwa si raia. Huo ni uongo, na dola 100 hazihalalishi uongo." Akanyamaza, kisha akasema sheria yenyewe inamuumiza. Hapo sikumpinga. Mimi pia naona ni nzito kumtoza mtoto ada ya kumuuguza mama yake. Lakini lalamiko hilo lina mahali pake, nako ni kwa wabunge wanaotunga sheria. Yule ofisa wa dirishani hana la kubadili.

Wazazi, waulizeni watoto wenu walio nje jambo moja: pasipoti ipo tayari? Hati ya tajnisi haimsafirishi mtu. Siku ya kiapo Marekani mtu hurudisha kadi yake ya ukaazi na kupewa hati ya uraia, na asipoomba pasipoti upesi hana cha kusafiria. Wajukuu nao wana pasipoti zao na viza zao. Sunna yetu ni kuharakisha maziko, na maiti hatangoji karatasi.

Kijana alilipa, akamkuta mama yake hai wodini. Wiki ya pili alikuja barazani kwangu na swali jingine: fungu lake la mirathi katika kiwanja cha marehemu baba yake, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Amesikia pia kwamba mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania. Hilo tutaliingia Ijumaa ijayo, inshaallah.