Mtungi au bomba: gesi ipi ya kuchomea nyama uani?

Tanzania imekalia gesi nyingi. Iliyokwisha kugunduliwa, nchi kavu na chini ya bahari, inakadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Lakini mtungi wa kilo 15 unaofika nyumbani kwa bodaboda umejazwa gesi iliyoshushwa melini. Anayetaka kujenga jiko la kuchomea nyama uani lazima aelewe kwanza kwa nini iko hivyo.

Gesi asilia ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97: kaboni moja, hidrojeni nne. Ya mtungi ni propani na butani, zenye kaboni tatu na nne. Visima vyetu vina propani kidogo sana, kwa hiyo bomba hujaa huku mitungi ikisubiri meli. Methani yenyewe haiingii kwenye mtungi wa jikoni kwa namna yenye faida. Katika joto la kawaida haigeuki kimiminika hata ukiishindilia vipi. Lazima kwanza ipozwe hadi chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Bajaji za gesi za Dar es Salaam huibeba ikiwa bado katika hali ya gesi, imeshindiliwa kwa presha ya takriban mara 200 ya hewa inayotuzunguka, ndani ya mitungi iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Propani ni laini zaidi: kwenye joto letu la pwani, presha ya mara kumi hivi inatosha kuilaza iwe kimiminika.

Nyama haijui tofauti hiyo. Miali ya gesi zote mbili hufikia joto linalokaribiana sana, na zikiungua vizuri zote huacha kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Ladha huzaliwa juu ya wavu: protini na sukari za nyama zikipita nyuzi 140 hivi hubadilika rangi na kunukia, mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alianza kuyaeleza mwaka 1912. Kisha mafuta hudondoka kwenye chuma cha moto na kurudi juu yakiwa moshi. Anayetafuta harufu ya mkaa hataipata kwenye mtungi wala kwenye bomba.

Tofauti kubwa iko kwenye kitu kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakitazami: nozeli, kile kitundu kinachopitisha gesi kwenda kwenye kichomeo. Mita moja ya ujazo ya propani ina nishati takriban mara mbili na nusu ya methani. Methani huhitaji ujazo wa hewa karibu mara kumi ya ujazo wake ili iungue yote. Propani huhitaji mara 24. Kwa hiyo nozeli ya gesi ya mtungi ni nyembamba, na ya gesi ya bomba ni pana. Jiko la mtungi likiungwa kwenye bomba hutoa mwali mnyonge usioweza kuivisha mishkaki. Hilo linaudhi tu. Kinyume chake ni hatari: jiko la bomba likiungwa kwenye mtungi hupata karibu maradufu ya nishati liliyoundiwa, hewa haitoshi, mwali unakuwa mrefu na wa njano, masizi yanapaka kila kitu, na kaboni monoksaidi inatoka. Fundi akikwambia abadilishe mpira peke yake, mkatalie. Nozeli na regulata lazima zibadilishwe pia, na kama mtengenezaji hauzi vipuri hivyo, nunua jiko jingine.

Mtungi una hesabu zake. Jiko la uani lenye nguvu ya kilowati 10 hula takriban robo tatu ya kilo kwa saa, ikiwa vichomeo vyote viko wazi. Mtungi wa kilo 6 utadumu kwa takriban saa nane, wa kilo 15 karibu saa 20. Kimiminika kinapochemka ndani hunyonya joto la chuma, ndiyo maana mtungi mdogo ukilazimishwa kulisha jiko kubwa hutoka jasho na presha yake kushuka. Propani nayo hutangulia kutoka na kuacha butani nyingi, ambayo huchemka karibu na nyuzi sifuri. Usiku wa Julai kule Njombe, mwisho wa mtungi huonekana kwenye mwali.

Kwa walio Mikocheni, Mtwara au Lindi, ambako baadhi ya nyumba zimeunganishwa, mimi ningechagua bomba bila kusita: halikatiki katikati ya sherehe, na kwa joto lilelile methani hutoa kaboni dioksidi pungufu kidogo. Mpangaji anayehama kila baada ya muda abaki na mtungi wake.

Uvujaji nao hutofautiana. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika. Chini ya paa lililofungwa ndipo hukusanyika. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika na kutulia penye shimo. Kabati la matofali linalofunika mtungi liachiwe matundu chini kabisa, usawa wa ardhi, na mtungi usimame wima mbali na mtaro. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Likitoa mapovu, funga koki.