"Ni joto tu": Neno linalomchelewesha mama mjamzito



Ndugu msomaji, sisi wa Kilosa na Mikumi tunaijua miezi ya Novemba hadi Machi. Mchana bati linawaka, na usiku ukuta unatoa joto lote ulilolipokea kutwa. Ikiwa wewe usiye na mzigo unahema, mfikirie mama mwenye mimba ya miezi saba.

Mjamzito huhisi joto zaidi kwa sababu za kimaumbile. Damu yake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, moyo wake hufanya kazi zaidi, na joto la mwili wa mtoto hutokea kwake. Kwa hiyo kutoka jasho jingi, kuchoka, na miguu kuvimba kidogo jioni si uvivu wala kudeka.

Je, afanye nini?

Kwanza, maji. Anywe maji safi na salama kidogo kidogo kutwa nzima, angalau glasi 8 hadi 10. Mkojo ukiwa na rangi ya njano iliyokolea, ajue hayajatosha. Wapo wanaopunguza kunywa ili wasiende chooni mara kwa mara. Hilo ni kosa, kwani huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, nayo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Katika kustanji, aoshe kutoka mbele kwenda nyuma.

Pili, kazi. Jembe na ndoo viwe baada ya swala ya Alfajiri hadi kabla ya saa nne, au baada ya Alasiri. Ndugu mume, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani. Basi kubeba ndoo ya mkeo si aibu, ni kufuata mwenendo wake.

Tatu, mavazi na mapumziko. Stara haimlazimishi mama kuvaa nailoni. Nguo pana ya pamba nyepesi inasitiri na inapitisha hewa. Aoge mara kwa mara na ajikaushe vizuri chini ya matiti na mapajani, mahali panapotoka vipele vya joto. Akipumzika alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, na ainue miguu juu ya mto.

Nne, chandarua. Kwa sababu ya joto wengi hukikunja, au hulala barazani bila kinga. Mbu wa malaria hungoja hapo hapo. Malaria katika mimba humaliza damu ya mama, huweza kuharibu mimba, na husababisha mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kama ni lazima kulala nje, chandarua chenye dawa kifungwe huko huko nje. Pia asikose kliniki, ambako mhudumu atamwelekeza kuhusu vidonge vya SP vya kukinga malaria.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari kubwa. Mama akisema anaumwa, mawifi na majirani humjibu: "Ni joto tu, litapita." Joto la hewa halimpi mtu homa ya baridi na kutetemeka. Hiyo ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Uvimbe wa joto hukaa miguuni na hupungua akipumzika. Ukipanda usoni na mikononi, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya kifua, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, nacho huua. Vilevile, mtoto akipunguza kucheza, akitokwa damu au maji ukeni, akizimia au akianza kuweweseka, asisubiri jua lipoe. Apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Aliyezidiwa na joto alazwe kivulini, afunguliwe nguo zinazobana na apanguswe kwa kitambaa chenye maji wakati usafiri unatafutwa.

Tukumbushane pia kuhusu Ramadhani. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa itatukuta ndani ya joto. Sheria imempa ruhusa ya kufungua mjamzito anayehofia madhara. Katika madhehebu ya Shafi, akihofia nafsi yake, atalipa siku hizo baadaye. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Amuulize mhudumu wa afya kuhusu hali yake na sheikh wake kuhusu hukumu. Asione haya kuipokea rukhsa ya Mola wake.

Mume unayesoma ukurasa huu, leo jioni muulize mkeo mambo matatu: amekunywa maji kiasi gani, mtoto amecheza, na chandarua kiko wapi. Nauli ya hospitali nayo iwekwe kando mapema, kwani uchungu na homa havipigi hodi.

Wabillahi tawfiq.