Kioo cha lori kikijaa ukungu wakati wa mvua: mambo unayoweza kutengeneza mwenyewe

Kila mvua zikianza kanda yetu, madereva wa Fuso na Canter hutuandikia studio wakiuliza jambo moja. Kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, ukikifuta unarudi, na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo hayatoi kitu. Wengine wanaongeza kwamba fundi aliwaambia wasihangaike, maana hita ni mambo ya Ulaya na nchi yetu ni ya joto.

Fundi huyo amesahau mvua. Ukungu ule ni maji. Pumzi zenu mlio ndani ya kabini, makoti yaliyolowa na matope yaliyo sakafuni vyote hutoa mvuke. Mvua ikipiga kioo kwa nje, kioo kinapoa, na mvuke ukikigusa unageuka matone madogo sana, kama chupa ya soda inavyolowa ukiitoa kwenye friji. Ukifuta kwa kiganja unaacha mafuta ya mkono, na usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika kioo kizima. Sasa fikiria saa 11 alfajiri, barabara ya Shinyanga kwenda Kahama: baiskeli zisizo na taa, watu wanaowahi shamba, ng'ombe wanaovushwa. Wote hao wako upande wa pili wa kioo usichoona kitu.

Dawa yake ni hewa kavu yenye joto, na joto hilo hulinunui. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya deshibodi. Feni inapuliza hewa juu yake, na mabomba ya plastiki yanaipeleka kwenye matundu ya kioo. Kwa hiyo tatizo liko sehemu moja kati ya tatu: maji ya moto hayafiki, feni haisukumi, au hewa inapotea njiani.

Anza kwa kupima. Washa gari hadi injini ipate moto, sogeza swichi kwenye alama ya kioo yenye mishale inayopanda, weka feni mwisho, kisha pitisha kipande cha karatasi juu ya matundu yote toka kushoto hadi kulia.

Karatasi isipotikisika kabisa, angalia fyuzi ya feni kwanza. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya namba ileile. Usiweke waya badala ya fyuzi; kabini nyingi zimeungua hivyo. Kama feni inazunguka ukiweka mwisho tu na namba za chini zimekufa, mara nyingi rezista yake ndiyo imeungua, na hiyo ni kipuri kidogo ambacho fundi umeme wa magari hubadilisha bila kugusa feni.

Karatasi ikitikisika upande mmoja tu, hapo ndipo kazi ya mikono yako. Toa droo ya deshibodi upande wa utingo, washa tochi ya simu, fuata bomba la plastiki kutoka kwenye feni kwenda juu. Mitikisiko ya barabara za makorongo hulichomoa kwenye maungio yake, na hewa yote inaishia nyuma ya deshibodi. Lirudishe. Kama limepasuka, usitumie selotepu, gundi yake inalainika kwa joto na kubanduka. Kata utepe wa tyubu ya tairi, ule ule wa kufungia mizigo, uuzungushe ukiwa umevutwa vizuri, kisha kaza kwa waya mwembamba. Gari lenye mifuko ya hewa ya kukinga ajali kwenye deshibodi, chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua chochote.

Angalia pia kebo inayoendesha kile kimlango cha ndani kinachochagua hewa iende miguuni au kwenye kioo. Sogeza swichi huku ukitazama mkono wake. Usipocheza, kebo imetoka kwenye klipu.

Halafu kuna vumbi na panya. Hewa huingilia kwenye wavu ulio chini ya kioo kwa nje au mbele ya kabini. Lori lililosimama msimu mzima likisubiri pamba au mpunga linaweza kuwa na kiota humo, na panya wa huku wanajua kujenga kwa pamba! Safisha majani na uchafu kwa mkono, kisha peleka kwa fundi pancha apulize kwa upepo wa kompresa. Fungua milango yote na ufunge kitambaa kilicholowa puani, au barakoa nzuri kama unayo. Vumbi la maeneo ya migodi lina chembe za mawe ambazo mapafu hayazitoi tena, na wachimbaji wa Geita na Kakola hawahitaji kuelezwa hilo.

Hewa ikija kwa nguvu lakini ya baridi, shida iko kwenye maji. Huenda mipira miwili ya hita iliunganishwa pamoja ili maji yasipite kabisa, au thamostati ilitolewa. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha. Kufanya hivyo kunaficha ugonjwa halisi, injini inafanya kazi bila kufikia joto lake, na mafuta yanaliwa zaidi. Mwambie arudishe thamostati na atafute kwa nini gari linachemsha. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka.

Ukisikia harufu tamu kabini, kioo kina utando wa mafuta usiofutika na zulia la upande wa abiria limelowa, rejeta ndogo inavuja. Hiyo ni kazi ya gereji. Kulanti ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa na watoto, hivyo usiimwage uwanjani.

Ukiwa safarini, washa AC pamoja na hewa ya moto kama gari lako linayo, kwa sababu AC hukausha hewa. Zima kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari, maana kinarudisha pumzi zenu zilezile. Na ukungu ukiwa upande wa nje, wipa zitauondoa. Hapo punguza baridi ya AC inayopiga kioo.

Kabla ya kupandisha Sekenke usiku au kupeleka mzigo Njombe mwezi Juni, osha kioo kwa ndani kwa maji ya sabuni na ukikaushe kwa gazeti. Ukiwa huna hewa kabisa, paka sabuni ya maji kidogo sana kwenye kitambaa kikavu, sugua hadi kioo kionekane safi. Inasaidia kwa saa chache, za kukufikisha kwa fundi.