Dawa Kinga za VVU: Safari ya Kutoka Maabara Hadi Zahanati Ifupishwe

Tarehe 20 Juni 2024 yalitangazwa matokeo ambayo watafiti wa VVU hawakuwa wamewahi kuyaona. Wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda, waliojiunga na utafiti wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 25, walipewa sindano ya dawa iitwayo lenakapaviri mara moja kila baada ya miezi sita. Hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa VVU. Miongoni mwa wenzao 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kumeza kila siku, 16 waliambukizwa. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia utafiti huo ilishauri kwamba washiriki wote wapewe nafasi ya kupata sindano hiyo bila kungoja muda uliopangwa kumalizika.

Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Hata hivyo, wanaokumbuka historia ya dawa za UKIMWI barani Afrika walijiuliza swali moja: itapita miaka mingapi kabla dawa hiyo haijafika katika zahanati ya kijiji? Swali hilo lina msingi. Mara nyingi kinachochelewesha dawa kinga katika nchi maskini si sayansi, bali ni taratibu zinazosubiriana moja baada ya nyingine ilhali zingeweza kwenda sambamba.

Kwa nini sindano, wakati vidonge vipo?

Dawa kinga, ambazo watoa huduma wengi huziita PrEP, ni dawa anazotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Vidonge vyenye tenofoviri na emtrisitabini ndivyo vilivyotangulia, na vinafanya kazi vikimezwa ipasavyo. Katika utafiti uliofanyika Kenya na Uganda miongoni mwa wenza ambao mmoja anaishi na VVU na mwingine hana, vidonge hivyo vilipunguza maambukizi kwa asilimia 75.

Ugumu upo katika kumeza kila siku. Utafiti mwingine wa vidonge hivyohivyo, uliowahusisha wanawake wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ulisitishwa mwaka 2011 kwa kuwa haukuonyesha kinga yoyote. Vipimo vya damu vilieleza sababu: wengi wa washiriki hawakuwa wakimeza vidonge kwa ukamilifu. Lawama haisaidii hapa. Msichana anayeishi na wazazi, mke asiyetaka kuulizwa na mumewe, au mfanyakazi anayelala chumba kimoja na wenzake, kila mmoja ana sababu ya kuogopa kukutwa na kopo linalofanana na la ARV. Sindano mbili kwa mwaka humwondolea mtu huyo mzigo wa kuficha.

Lenakapaviri hulenga ganda la protini linalofunika vinasaba vya kirusi. Ganda hilo likivurugwa, kirusi hakiwezi kuingiza vinasaba vyake katika kiini cha seli wala kutengeneza virusi vipya vilivyokamilika. Dawa huchomwa chini ya ngozi ya tumbo na huachiliwa polepole mwilini. Anayeanza humeza pia vidonge viwili siku ya kwanza na viwili siku ya pili, ili kiwango cha dawa katika damu kifike mapema panapotakiwa. Uvimbe mdogo mgumu mahali ilipochomwa sindano ni jambo la kawaida, na kwa wengi si sababu ya kuacha.

Historia ya kusubiri

Tiba ya mchanganyiko wa ARV ilithibitishwa mwaka 1996. Katika nchi tajiri wodi zilianza kupungua wagonjwa, lakini katika nchi nyingi za Afrika wodi ziliendelea kujaa, kwa kuwa tiba ya mtu mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa tiba na matunzo mwaka 2004, miaka minane baada ya ushahidi kupatikana.

Vidonge vya kinga vilipita njia hiyohiyo. Viliidhinishwa Marekani Julai 2012. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivipendekeza kwa watu wote walio katika hatari kubwa Septemba 2015. Kenya, ambayo wananchi wake walishiriki katika utafiti uliothibitisha uwezo wa vidonge hivyo, ilizindua mpango wake wa kitaifa Mei 2017. Karibu miaka mitano ilikuwa imepita.

Kisha ikaja kabotegraviri, sindano ya kila miezi miwili. Wanawake 3,224 wa nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Malawi, walishiriki kuthibitisha kwamba inakinga kuliko vidonge. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2021. Zambia ilipoanza kuitoa nje ya tafiti mapema mwaka 2024, zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita, na dawa iliyopatikana ilikuwa kidogo kuliko mahitaji.

Foleni zinaposimama

Foleni ya kwanza ni usajili. Kampuni hupeleka maombi kwanza katika nchi zenye soko la fedha nyingi, na nchi maskini husubiri. Hata maombi yanapofika, kila mamlaka huweza kupitia upya maelfu ya kurasa ambazo mamlaka nyingine imekwisha kuzikagua. Upo utaratibu wa WHO wa kushirikishana tathmini, na tangu mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika ambayo mamlaka yake ya dawa ilifikia ngazi ya tatu ya ukomavu kwa vigezo vya WHO, mwaka 2018. Uwezo upo, unapaswa kutumiwa kufupisha muda.

Foleni ya pili ni bei. Nchini Marekani lenakapaviri ilitangazwa kwa dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka. Ilhali Julai 2024 Andrew Hill wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walikadiria kwamba ikitengenezwa kwa wingi ingeweza kuuzwa kwa takriban dola 40 kwa mwaka. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 700 haitokani na gharama ya kiwandani. Inatokana na hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mgunduzi peke yake uwezo wa kutengeneza na kuuza.

Foleni ya tatu ni miongozo na vipimo. Kwa muda fulani sindano za muda mrefu ziliambatanishwa na kipimo cha vinasaba vya kirusi, ambacho zahanati nyingi hazina. Julai 2025, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kigali, WHO ilipendekeza lenakapaviri na papo hapo ikakubali vipimo vya haraka vya VVU vitumike kabla ya sindano. Uamuzi huo ulioonekana wa kawaida uliihamisha huduma kutoka hospitali kubwa hadi mahali ambapo muuguzi na kipimo cha kidole vinatosha.

Foleni ya nne ni ununuzi. Kiwanda hakiongezi uzalishaji bila oda, nchi haiweki oda bila bei, na bei haishuki bila uzalishaji mkubwa. Kila upande humngoja mwenzake. Foleni hii ina hatari nyingine: kutegemea mfadhili mmoja. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Iliporuhusu baadhi ya huduma za VVU kuendelea, dawa kinga zilizogharamiwa na fedha hizo ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wengine waliokuwa wakizitegemea walibaki mlangoni.

Gharama ya kila mwezi

Mtu anaweza kudhani kwamba kuchelewa mwaka mmoja si neno, kwani ARV zipo na anayeambukizwa ataishi. Ni kweli kwamba ataishi akizitumia vizuri. Lakini atazitumia maisha yake yote, na mfumo wa afya utamhudumia maisha yake yote. Dunia ilijiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2025 maambukizi mapya yawe chini ya 370,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 yalikuwa milioni 1.3. Kila siku wasichana na wanawake vijana wapatao 570 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa.

Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikadiria maambukizi mapya 60,000 hivi kwa mwaka miongoni mwa watu wenye miaka 15 na zaidi. Hao ni watu 5,000 kwa mwezi. Dawa kinga zisingewaokoa wote, kwa kuwa si kila mtu angezihitaji, angezitaka au angezifikia. Lakini mwezi unaopotea mezani, faili likingoja sahihi, unapaswa kupimwa kwa idadi hiyo na si kwa kalenda peke yake.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mahali pa kuanzia. Katika maeneo ya utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, takriban wanawake 24 kati ya kila 1,000 wasio na kinga waliambukizwa kwa mwaka. Kuwafikia watu wa maeneo na makundi yenye hatari kama hiyo huzuia maambukizi mengi kwa dozi chache. Dawa ikiwa kidogo, haifai kugawanywa sawasawa kila mkoa kana kwamba hatari ni moja.

Foleni zikienda pamoja

Safari hii baadhi ya hatua hazikungojana. Oktoba 2024, miezi minane kabla lenakapaviri haijaidhinishwa kama kinga popote, kampuni ya Gilead ilisaini leseni zisizo na mrabaha na watengenezaji sita ili watengeneze dawa jeneriki, yaani dawa ileile kutoka viwanda vingine, kwa ajili ya nchi 120. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Juni 2025. Mwezi uliofuata Mfuko wa Dunia ulitangaza makubaliano ya kuwafikia hadi watu milioni mbili katika miaka mitatu, kwa bei isiyompa mtengenezaji faida. Novemba 2025 shehena za kwanza ziliwasili Eswatini na Zambia. Miaka mitano ya vidonge iligeuka miezi mitano ya sindano.

Hayo ni mafanikio, lakini yasifanywe kuwa mwisho wa safari. Watu milioni mbili kwa miaka mitatu ni wachache mbele ya maambukizi mapya milioni 1.3 kila mwaka, kwani ili kuzuia maambukizi ya mtu mmoja ni lazima kuwakinga wengi ambao hakuna ajuaye nani kati yao angeambukizwa. Makubaliano ya Septemba 2025 yaliahidi dawa jeneriki za kampuni za Dr. Reddy's na Hetero kwa dola 40 hivi kwa mtu kwa mwaka, lakini kuanzia mwaka 2027. Na zipo nchi zilizoachwa nje ya leseni, zikiwemo Brazili, Argentina, Meksiko na Peru, ingawa wananchi wake walijitolea katika utafiti wa pili wa dawa hiyo. Anayekubali kujaribiwa dawa anastahili pia kuipata.

Serikali zina ya kufanya bila kungoja 2027. Zisajili dawa jeneriki kwa kutegemea tathmini zilizokwisha kufanywa. Ziandike miongozo na kufundisha wauguzi wakati usajili ukiendelea. Zitoe makadirio ya pamoja ya mahitaji, ili viwanda viwe na oda ya kuanzia. Na zitenge fungu la bajeti ya ndani, hata likiwa dogo, ili huduma isizimike siku mfadhili anapobadili nia.

Wakati sindano haijafika

Foleni ya mwisho ipo ndani ya kituo chenyewe, na watoa huduma ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Mteja anayeuliza kuhusu dawa kinga asihojiwe kama mtuhumiwa. Apimwe VVU, aulizwe kama amekuwa na homa au uvimbe wa tezi hivi karibuni, kisha aelezwe njia zilizopo. Vidonge vipo na vinakinga. Kumwambia mtu angoje sindano ni kumwacha bila kinga leo.

Sindano itakapofika, mambo matatu yakumbukwe. Kwanza, kipimo cha VVU hufanyika kabla ya kila dozi. Pili, rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu hupunguza lenakapaviri mwilini. Anayeanza tiba ya kifua kikuu amweleze mtoa huduma ili dozi irekebishwe. Tatu, dawa huisha mwilini taratibu sana, hivyo anayeacha sindano huku bado akiwa hatarini aanze kinga nyingine. Akiambukizwa wakati dawa imebaki kidogo, kirusi kinaweza kujenga usugu.

Kwa upande wa wananchi, anayehisi kwamba yumo hatarini aulize kituoni ni dawa kinga gani zinapatikana, na jibu likiwa "hakuna" aulize zitapatikana lini. Maswali hayo yakiandikwa na kupelekwa wilayani huwa ndiyo ushahidi wa mahitaji ambao wanunuzi husema hawauoni. Aliyekutana na hatari tayari asingoje: dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Kondomu nayo inabaki na kazi yake, kwani dawa kinga za VVU hazizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wasichana wa Afrika Kusini na Uganda waliojitolea katika utafiti walitimiza sehemu yao mwaka 2024. Iliyobaki ni sehemu ya ofisi, viwanda na vituo vya afya, na muda wake unahesabika.