Ua la Novemba, Kazi ya Aprili

Sogeeni hapa kivulini, wajukuu zangu, niwaonyeshe mahali ambapo kwa sasa hamtaona kitu. Ni Septemba. Ardhi ya Kunduchi imekauka, nyasi zimekufa, na chini ya mwembe huu pana mchanga na majani makavu tu. Lakini fukueni kidogo kwa mawazo, msifukue kwa jembe! Humo ndani kuna tunguu, yaani shina fupi mno lililozungukwa na tabaka nene zilizojaa maji na chakula, kama kitunguu cha jikoni. Juu ya ardhi halina hata jani moja, ila li hai.

Wataalamu wa mimea wanauita mmea huu Scadoxus multiflorus. Ni mzaliwa wa Afrika. Haukuletwa na jahazi wala meli.

Subirini vuli. Mvua za mwanzo zikilowesha udongo, mizizi huanza kazi, kisha bua moja hutoboa ardhi, mara nyingi kabla ya majani kukua. Juu ya bua hilo hufunguka duara jekundu, jekundu kweli kweli, pana kuliko kiganja changu. Litazameni kwa karibu. Si ua moja hilo! Ni maua madogo mengi, pengine hata 200, yaliyokusanyika pamoja. Kila moja lina petali sita nyembamba na nyuzi sita ndefu zenye chavua ya manjano nchani.

Baada ya wiki moja au mbili duara hilo linanyauka, na watu wanalisahau. Mimi naupenda mmea huu zaidi wakati huo, kwa kuwa ndipo kazi kubwa inapoanza. Majani mapana, yenye kingo za mawimbi, hutanda na kunywa mwanga wa jua. Yanatengeneza chakula na kukishusha chini, vuli yote, hadi masika ya Machi, Aprili na Mei. Humo gizani, ndani ya tunguu, chipukizi la ua la mwaka ujao linaanza kuumbwa. Kwa hiyo ule wekundu wa Novemba haukuletwa na mvua ya Novemba peke yake. Majani ya mwaka uliopita yalishaugharamia. Anayeyafyeka mwezi wa Aprili akidhani ni magugu analinyima tunguu chakula, na vuli ikirudi huenda likatoa majani matupu. Inaniuma sana kuona hivyo kwenye viwanja vyetu.

Juni, kipupwe kikiingia, majani hugeuka manjano yenyewe na kulala chini. Yaacheni yakauke.

Maua yaliyopata chavua huzaa matunda madogo ya mviringo, mekundu, yanayong'aa. Yanavutia macho, lakini msiyaonje kamwe! Mmea wote una sumu, na tunguu ndilo kali zaidi. Zamani sehemu mbalimbali za Afrika watu waliitumia sumu hiyo kwenye mishale.

Mbegu iliyoanguka kwenye udongo wenye unyevu huota mapema na kutengeneza kitunguu kidogo mno. Ua bado sana. Mtoto atakayeiona ikichipua akiwa darasa la kwanza, huenda akawa darasa la nne au la tano siku bua lake la kwanza litakapotoka.