Kuunga Shaba bila Kuiyeyusha

Fundi wa Lubumbashi husema «kusude». Kiswahili sanifu kina kulehemu na kuchomelea. Maneno hayo yote humfanya msikilizaji afikirie moto: kitu huyeyuka, kisha huganda. Lakini mwaka 1991, huko Cambridge nchini Uingereza, Wayne Thomas na wenzake wa taasisi ya TWI walibuni njia isiyoyeyusha chochote. Afadhali iitwe «kuunga kwa msuguano»: ni jina refu, ila lasema kweli.

Chombo kigumu chenye ncha huzungushwa kwa kasi, hushindiliwa mahali vipande viwili vinapokutana, kisha husogezwa polepole. Msuguano huleta joto, metali hulainika, na pande mbili hukorogwa pamoja mfano wa bukari chini ya mwiko, hali zingali yabisi. Kwa kuwa hapana kimiminiko, hapana nyufa za kuganda. Lakini mwendo usipopimwa vema, uwazi hubaki ndani ya mshono. Kwa msuguano huohuo metali huweza pia kujengwa tabaka juu ya tabaka.

Alumini, iyeyukayo penye nyuzi 660, haikuleta taabu kubwa. Shaba huyeyuka penye nyuzi 1,085, na hutawanya joto upesi mno. Hata hivyo, mwaka 2005 Wasweden waliichagua njia hii kwa kufungia mitungi ya shaba yenye unene wa sentimita 5, iliyokusudiwa kuhifadhi mabaki ya nishati ya nyuklia ardhini kwa miaka 100,000. Mtungi ukishazikwa, mshono wake hautatengenezwa tena.